Mgeni, Jihadhari na Tarehe 13 Agosti

Wanaokuja Tukuyu kwa mara ya kwanza huonywa mambo yasiyo na madhara makubwa. Huambiwa wabebe sweta, kwamba mvua ya Rungwe haisomi utabiri wa hali ya hewa, kwamba barabara kutoka Uyole ina kona na malori yanayowahi mpaka wa Kasumulu hayana subira. Yote ni kweli. Lakini sijasikia mtu aliyeaibika mbele ya wazee kwa sababu ya kona. Kinachowaaibisha wageni huku ni tarehe.

Namzungumzia mgeni wa aina moja, naye utamtambua kabla hajafungua begi. Ni yule ambaye kila asubuhi simu humletea kipindi cha "Leo katika Historia", akimaliza kukisoma anakirusha kwenye kundi la ukoo, na akikaa mezani hawezi kumeza tonge la kwanza kabla hajasema, "Mnajua siku kama ya leo kulitokea nini?" Kwao Dar es Salaam watu humwacha amalize. Tukuyu watamjibu.

Siku mbaya kuliko zote kwa mtu huyo ni 13 Agosti. Nane Nane imeisha siku tano tu zilizopita, watu wamesharudi kutoka viwanja vya John Mwakangale pale Uyole na vipeperushi vya mbegu mfukoni, baridi bado ipo, kazi shambani si nyingi na wenye muda wa kumsikiliza mgeni ni wengi. Simu itamwambia kwamba mwaka 1926 siku hiyo alizaliwa Fidel Castro, kwamba mwaka 1960 Jamhuri ya Afrika ya Kati ilipata uhuru, na kwamba ulimwengu unaadhimisha siku ya watu wa mkono wa kushoto. Hayo mawili ya mwanzo yatapita kimyakimya. La tatu likitamkwa huku kijiko kiko mkono wa kushoto, asitegemee kuongezwa mbalaga.

Kosa lake halikuwa kijiko. Kosa ni kudhani kwamba siku hiyo ilikuwa tupu ikimsubiri yeye aijaze. Katika nyumba nyingi za Rungwe, 13 Agosti ina mwenyewe.

Ni siku ya Wamoravian. Mwaka 1722 wakimbizi wa dini kutoka Moravia walipewa hifadhi Saksonia, katika ardhi ya bwana mmoja kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, wakajenga kijiji wakakiita Herrnhut. Miaka mitano haikupita wakawa wameshavurugana: huyu hapendi mafundisho ya yule, yule hataki kuongozwa na huyu. Jumatano ya tarehe 13 Agosti 1727 wakaenda pamoja kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, kijiji jirani, wakatoka wamepatana. Mwaka 1732 wakaanza kupeleka wamisionari ng'ambo, wa kwanza kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Mwaka 1891 wakafika Rungwe, chini ya mlima. Leo hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kama Tanzania, na makao makuu ya Jimbo la Kusini yako palepale Rungwe.

Hapo mgeni atauliza, "Lakini siku hiyo hasa kulitokea nini?" Tafadhali asiulize. Aliyelelewa na vipindi vya redio anangoja mizinga, ndege ianguke, mfalme apinduliwe. Jibu atakalopewa ni kwamba watu waliokuwa hawasalimiani walisalimiana. Na bibi atakayemjibu hataishia hapo. Atamuuliza yeye na kaka yake mara ya mwisho walizungumza lini. Asijaribu kudanganya. Mama yake ameshapiga simu.

Asijaribu pia kushindana na bibi huyo kwa tarehe. Tangu mwaka 1731 Herrnhut hutoa kitabu cha neno la kila siku, mstari mmoja kwa kila tarehe, na yupo mtu wa Rungwe ambaye amekisoma kila asubuhi tangu alipojua kusoma. Simu ya mgeni ina tarehe. Bibi ana tarehe na mstari wake. Hata 17 Agosti anayo, sikukuu ya watoto, na 1 Machi, siku ya kuanzishwa kwa umoja wa ndugu huko Bohemia mwaka 1457, na 6 Julai, siku Jan Hus alipochomwa moto mwaka 1415. Akifika 7 Julai ndipo anawapisha TANU.

Kuna mjuaji mmoja, kwa kawaida ni mpwa aliyesoma, ambaye hapo huona mlango na kuingia. Atasema kwamba Hus alichomwa 6 Julai ya kalenda ya zamani ya Kijuliasi, kwamba kalenda ya sasa ya Kigregori ilianza mwaka 1582, na kwamba kwa hesabu ya leo siku ile ilikuwa 15 Julai. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Kwa kadiri nionavyo, hiyo ndiyo njia ya haraka zaidi ya kukaa peke yako upande wa pili wa moto ukiwa na hesabu sahihi.

Ukilazimika kusema neno, liko moja litakalomgeuza kichwa hata mwalimu mstaafu. Usiku wa kuamkia 13 Agosti 1961 serikali ya Ujerumani Mashariki ilianza kufunga mpaka wa Berlin kwa seng'enge, na seng'enge ile ikawa ukuta uliodumu miaka 28. Mtu wa Kinondoni akisikia hivyo atasema "Duh" na kuendelea na soda. Mtu wa Rungwe atanyamaza kidogo, kwa sababu Herrnhut ilibaki Mashariki. Mji ulioadhimisha siku ya kupatana ulijikuta, kwenye tarehe ileile, upande mmoja wa nchi inayofungiwa milango. Hata kanisa lenyewe nchini Ujerumani liliendeshwa kwa ofisi mbili, moja Herrnhut na nyingine Bad Boll upande wa magharibi. Na usisahau wamisionari wa Misheni ya Berlin, waliofika Unyakyusa mwaka uleule wa 1891 na kufungua vituo upande wa pili wa wilaya. Berlin haijawahi kuwa jina geni kwenye ibada za huku. Sema hilo, kisha ufunge mdomo ukiwa unaongoza.

Bahati mbaya hutafunga. Utakumbuka meli.

Kisa cha meli kila mtu hukipenda, na ndicho mtego wenye meno. Wajerumani walikuwa na meli moja ya maana katika Ziwa Nyasa, Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande miaka ya 1890 na kuunganishwa huku. Waingereza walikuwa na Gwendolen. Manahodha wao, Rhoades wa Gwendolen na Berndt wa Wissmann, walikuwa marafiki wa chupa. Agosti 1914 habari za vita zilimfikia Rhoades kwanza. Akaenda hadi Sphinxhaven, ambayo leo ni Liuli, akaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa, akaipiga mizinga mpaka ikaharibika. Inasimuliwa kwamba Berndt alitoka kwa mtumbwi akifoka, akitaka kujua rafiki yake amelewa kiasi gani leo, akaambiwa kwamba kuna vita na kwamba yeye ni mateka. Huko London magazeti yakaandika ushindi wa majini.

Ukishakisimulia, na watu wakacheka, yupo atakayeuliza kwa upole, "Hiyo ilikuwa tarehe ngapi, baba?" Utajibu 13 Agosti kwa sababu ulisoma hivyo. Naye atakuambia 16, kwa sababu alisoma hivyo. Nyote mmesoma kweli. Vitabu vimegawanyika juu ya siku hiyo, na wanaoandika 16 hawatofautiani kwa uaminifu na wanaoandika 13. Yaani vita vyenye meli moja majini na nyingine juu ya magogo, mashahidi wamejaa ufukweni, maofisa wa pande zote wanaandika ripoti, na bado siku yake haijapatikana. Sasa fikiria siku za mambo yasiyokuwa na ripoti.

Usipofikiria mwenyewe utafikirishwa. Meza ikifika hapo huhamia Karonga, ng'ambo ya Songwe, na huko tarehe haina ubishi: 9 Septemba 1914. Wakati huo Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, kwa heshima ya bwana wa Kijerumani ambaye hakuwahi kula ndizi ya huku hata moja. Kapteni von Langenn alitoka huku na askari wake kuishambulia Karonga. Waingereza nao walikuwa wametoka Karonga kuwafuata. Majeshi mawili yakapishana porini bila kuonana, Wajerumani wakafika Karonga wakakuta walinzi wachache, Waingereza wakasikia milio nyuma yao wakageuza. Wajerumani wakashindwa. Mwishoni mwa Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey likavuka mpaka na kuichukua Neu-Langenburg, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa kwenye vituo vyao.

Mpaka hapo tarehe zimekaa sawasawa. Lakini mizigo ya Northey ilikwenda juu ya vichwa. Wapagazi, ambao upande wa Nyasa waliitwa tengatenga, walibeba unga, risasi na hata vyombo vya chai vya maofisa, na katika vita vile vya Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na homa. Baadaye, mwaka 1918, ikaja homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Nahodha aliyetoka kwa mtumbwi akifoka ana siku mbili za kuchagua. Babu wa mtu aliyeanguka njiani na mzigo wa unga hana hata moja. Mgeni akibaini kwamba mezani kuna ukoo wa namna hiyo, aache kuuliza "siku kama ya leo". Hiyo si sehemu ya utani wa mwongozo huu.

Turudi kwenye utani. Ziwa Masoko.

Kusini mwa Tukuyu liko ziwa la kreta ambalo wengine huliita Kisiba, na kando yake boma la mawe la Wajerumani, makao ya Kombania ya Tano ya jeshi lao. Inasemekana kwamba walipoona mambo yamewaharibikia walitupa ziwani silaha na fedha zao. Mgeni akisimama pale ufukweni kwa muda wa kutosha kupiga picha nne, atatokea kijana mwenye sarafu kwenye kitambaa. Sarafu yenyewe inaweza kuwa ya kweli. Rupia za Kijerumani zilitumika nchi nzima, zina kichwa cha Kaisari Wilhelm aliyevaa kofia yenye tai, na heller ndogondogo zilianza kutolewa mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Zilitapakaa kila mahali. Si lazima zitoke ziwani.

Mtego haumo kwenye sarafu, umo kwenye hadithi inayouzwa nayo, na bei ya hadithi ndiyo kubwa. Ukitaka kuipima, tazama mwaka. Sarafu zilizoandikwa 1916 na kuwekwa herufi T zilipigwa Tabora, katika karakana ya dharura, kwa sababu vita vilikuwa vimekata njia za kuleta fedha kutoka Ulaya. Maarufu ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Masoko iliangukia mikononi mwa Waingereza mwezi Mei mwaka huohuo. Kwa hiyo ukionyeshwa tembo wa Tabora ukaambiwa ametupwa ziwani na Wajerumani wanaokimbia, muulize kijana kwa adabu ni tarishi gani aliyemfikisha tembo huyo Masoko kwa muda mfupi kiasi hicho, tena ili akatupwe majini. Ukiwa na bahati mtacheka wote wawili, na bei itashuka. Kama anakwambia kuna sanduku zima na kinachokosekana ni mchango wako wa kukodi mzamiaji, panda bodaboda.

Nimeacha kwa makusudi mambo makubwa kuliko yote ya wilaya hii, kwa sababu hayana siku.

Mlima Rungwe, ambao kilele chake kinakaribia mita 2,960, ulishalipuka mara nyingi, na hakuna aliyekuwa na kalenda. Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira lilijengwa na lava iliyopoa, na mjenzi hakuweka jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi. Mlima Kyejo ndio wa karibuni: wanajiolojia wanaukadiria mlipuko wake wa mwisho kuwa wa mwaka 1800 hivi. Huo ni usiku ambao watu waliona mlima unamwaga moto kuelekea kwenye migomba yao, na hatujui hata ulikuwa mwezi gani. Tunajua lakini kwamba Castro alizaliwa Ijumaa.

Si kwamba Wanyakyusa hawakuwa na njia ya kuhesabu. Walikuwa na ubusoka. Kizazi cha vijana, waliokuwa wamejijengea vijiji vyao kwa rika, kilitolewa hadharani na kukabidhiwa nchi, na wazee wakasogea pembeni. Moto mpya uliwashwa kwa kupekecha, miti ikapandwa. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti huku kati ya 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu juu ya jambo hilo. Lilikuja mara moja kwa kizazi, yapata miaka thelathini na ushei. Kalenda ya namna hiyo haikuambii Jumanne. Inakuambia nani alikuwa anatawala, nani walikuwa rika lake, na mti upi ulipandwa. Mgeni akiuliza "mwaka gani?" atajibiwa kwa jina la mtu, na akiuliza "huyo alikuwa mwaka gani?" atajibiwa kwa jina la baba yake. Hapo azime simu tu, kwa sababu kila swali litamrudisha kizazi kimoja nyuma na giza linaingia.

Kuna tarehe nyingine zinazokuja zimeshavaa suti. Kipunji, kwa mfano. Vitabu vinasema tumbili huyu wa misitu ya Rungwe na Livingstone aligunduliwa mwaka 2003 na kutangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ni sifa kubwa kwa wilaya na watafiti walifanya kazi ngumu. Lakini walianza kumtafuta baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa huku, ambao walikuwa na jina lake tayari, na ndilo analoitwa mpaka leo. Ukisema "aligunduliwa" mbele ya mtu ambaye baba yake alikuwa akimfukuza kipunji kwenye mahindi, sema polepole, huku ukiwa karibu na mlango.

Na kuna 1986. Mwaka huo Tukuyu Stars, Banyambala, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilitwaa ubingwa wa Tanzania mbele ya Simba na Yanga. Hii ndiyo tarehe pekee katika mwongozo huu ambayo nakushauri uitaje bila kuulizwa, popote pale: sokoni, kwenye bajaji, msibani ikibidi. Taja mwaka tu. Usitaje mechi, usitaje mfungaji, usiseme mvua ilinyesha au haikunyesha. Kila mwanamume wa Tukuyu mwenye mvi alikuwepo uwanjani, hata wale ambao vyeti vyao vinaonyesha walikuwa darasa la pili, na kila mmoja aliona bao tofauti.

Tukitaja vyeti, kuna jambo la mwisho. Utamwona mzee mwenye kitambulisho cha NIDA kilichoandikwa kwamba alizaliwa tarehe 1 Julai, na mgeni mwenye mapenzi mema ataihifadhi kwenye simu ili amshangaze kwa keki. Nchi hii ina wazee wengi sana waliozaliwa tarehe mosi Julai, na wengine wengi tarehe mosi Januari, kwa sababu mama zao waliwaambia ilikuwa msimu wa mavuno, au mwaka ule daraja liliposombwa na maji, lakini fomu ilitaka siku na mwezi na karani alikuwa na foleni. Keki ataipokea, na atakushukuru, ndaga fijo, mwanangu. Kisha atataka kujua kwa nini, kama kweli ni sherehe yake, hakuna mbuzi. Mnada wa mbuzi una siku yake maalumu ya wiki, na siku hiyo kila mtu hapa anaijua.